Swali la Mzee wa Mabomba

Kama uliwahi kuhudhuria mhadhara pale maktaba, Jumamosi saa tisa alasiri, basi ulimwona Mama Maiki, ingawa huenda hukumtazama. Watu humtazama mhadhiri. Yeye ni yule mama mfupi mwenye koti la kazi la bluu na raba nyeupe zisizopiga kelele, anayepita kati ya viti na kipaza sauti wakati wa maswali. Ulinyoosha mkono, akakujia, akakuwekea maiki mdomoni, ukauliza, akaondoka. Ukifika nyumbani unasimulia aliyosema profesa. Yeye hukumbuki hata uso wake ulikuwaje.

Jina analo, alipewa na wazazi wake kama watu wote, lakini pale kazini lilishasahaulika. Hata orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni mwa stoo imeandikwa Mama Maiki. Aliingia maktaba miaka ishirini na miwili iliyopita akiwa mpiga deki. Baadaye wakamwonyesha kupanga vitabu kwenye rafu, akaonekana hakosei namba, wakamwacha huko. Kisha chuo kikuu kikakubaliana na maktaba kwamba walimu wake waje kila Jumamosi kuzungumza na wananchi, bila kiingilio na kwa lugha inayoeleweka. La kiingilio lilitimizwa. La lugha, wengine walilitimiza na wengine walijaribu.

Akahitajika mtu wa kupanga viti na kuzungusha maiki. Wenzake walikimbia, maana Jumamosi ni Jumamosi. Yeye alinyoosha mkono haraka mpaka mkutubi mkuu akacheka. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba shule mama huyu aliiachia kidato cha pili, siku mama yake mzazi alipopooza na akatafutwa mtu wa kumgeuza kitandani. Kaka zake wawili walikuwa na mitihani. Hata yeye alikuwa na mitihani, ila hakuna aliyekumbuka kumwuliza. Alimgeuza mama yake miaka tisa, na alipomzika alikuwa mtu mzima ambaye hajui chochote zaidi ya kufua mashuka.

Kwa hiyo ile mihadhara ya bure ndiyo ilikuwa chuo chake. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu, na kila Jumamosi aliandika jambo moja tu alilolishika. Kwamba mchwa hawana macho, isipokuwa wale wachache wenye kuzaa. Kwamba nyota unayoiona huenda ilishazimika. Madaftari yalifika manne. Ukiyafungua utakuta maneno ya wahadhiri mia na kitu. Maneno ya watu waliouliza maswali hutayakuta, hata moja. Na hao ndio aliosimama nao bega kwa bega.

Sasa, maiki ina sheria zake. Ya kwanza aliitunga mwenyewe: haitoki mkononi mwake. Kuna siku alimwachia mstaafu mmoja, mtu wa heshima na tai yake, akaikamata dakika arobaini na kusimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mpaka mhadhiri akaanza kuangalia saa ya ukutani kama mtu aliyechelewa gari. Tangu hapo Mama Maiki hushika yeye mwenyewe, kwa mkono wa kulia, na wewe unazungumzia hewani. Sheria ya pili ni ya mkutubi mkuu. Yeye hukaa mbele, pembeni, na akivua miwani yake maana yake ni moja: muda wa huyo umekwisha, chukua maiki. Mama Maiki huivuta taratibu, kwa tabasamu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Tena alijivunia, tusifichane.

Na hakuna aliyevutiwa maiki mara nyingi kama Mzee wa Mabomba.

Huyu alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo mabegani, shati lake limepigwa pasi hadi kola. Alikaa mstari wa tatu, kiti cha kwanza kando ya njia, kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Alikuwa mstaafu wa idara ya maji. Kazi yake kwa miaka thelathini na moja ilikuwa kukata na kulaza mabomba, na kila mtu ukumbini alijua hivyo kwa sababu kila alipopewa nafasi alianzia hapohapo. Mhadhiri awe amezungumzia nyota, mende au historia ya karatasi, mzee atasimama, atakohoa kusafisha koo, atasema, "Nashukuru sana. Mwaka ule tulipokuwa tunakata mabomba kwenye yadi ya idara ya maji..."

Hapo ukumbi ulikuwa unacheka. Si kwa ubaya, unajua tena watu. Wengine walimalizia sentensi pamoja naye. Yeye aliendelea bila haraka: mabomba yenyewe yalikuwa ya saruji, yale ya kijivu ya zamani, msumeno ulikuwa wa umeme na haukumwagiwa maji, msimamizi alikuwa mtu mkali, vumbi lilikuwa jeupe kama unga, kengele ya chakula ikilia mnakung'uta ovaroli ndipo mnakula... Akifika kwenye kengele, mkutubi mkuu anavua miwani. Mama Maiki anavuta maiki. Mzee anabaki mdomo wazi kidogo, kisha anasema, "Ahsante, mwanangu," kama vile amepewa kitu, na anakaa.

Miaka mitatu hivyo. Mama Maiki alishampigia hesabu zake: mzee kafiwa na mke, nyumba imekuwa kimya, anatafuta mahali pa kusikika. Alimwonea huruma ya juujuu, ile ya kumwekea kiti chake kisikaliwe na mwingine. Haikumpitikia hata siku moja kwamba hadithi ile ina mwisho, na kwamba mzee anajitahidi kuufikia.

Kisha likabandikwa tangazo la daktari wa mapafu. Mhadhiri wa kitivo cha tiba, mwanamke, angezungumza juu ya hewa tunayovuta majumbani na makazini. Mama Maiki mwenyewe alilipiga pini ubaoni, na alipogeuka akamkuta Mzee wa Mabomba nyuma yake, anasoma. Alisoma lote, akarudia.

"Huyu ni wa mapafu hasa?"

"Hasa, mzee wangu. Imeandikwa hapo."

"Si wa moyo, si wa nini. Mapafu."

"Mapafu matupu," alisema Mama Maiki, akacheka.

Mzee hakucheka. "Atapokea maswali?"

"Atapokea. Lakini wewe, mzee wangu, tatizo lako unaanzia mbali. Unatupitisha yadi nzima, na msimamizi, na kengele. Safari hii andika. Liwe fupi, mstari mmoja. Ukiandika, mimi nakupa maiki wa kwanza."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akampa kadi. Maktaba ilikuwa na maboksi ya kadi za zamani za kuazimia vitabu, zilizobaki bila kutumika kompyuta zilipoletwa, zenye safu mbili zilizochapwa mbele na nyuma: tarehe ya kuazima, tarehe ya kurudisha. Yeye alizigawa kwa watu wa kuandika maswali. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaupapasa mfuko kuhakikisha imekaa.

Jumamosi ilipofika, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Na saa nane na nusu, Mama Maiki akiwa bado anaongeza viti, mkutubi mkuu alimwita pembeni. Uso wake ulikuwa umemkauka. Chuo kilikuwa kimetuma wageni wawili wa kuangalia kama mihadhara ina faida au ikatishwe, maana kulikuwa na manung'uniko kwamba wahadhiri wanakuja kupoteza muda na maswali yasiyo na kichwa wala miguu.

"Yule mzee wako wa mabomba," alisema mkutubi mkuu, "leo hapana."

"Leo ameandika, bosi. Ni fupi. Nimemwahidi."

"Mama Maiki. Akianza tu ukumbi unacheka. Wageni wakiona kicheko, tumekwisha. Unataka Jumamosi zako zife?"

Alijua pa kumgusa. Jumamosi zake! Mama Maiki angeweza kubisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na mkutubi mkuu alikuwa na sita, na siku nyingine alimjibu bila woga juu ya mambo madogo zaidi, kama sabuni ya deki. Siku hiyo alisema, "Sawa, bosi."

Daktari alizungumza vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, hana madoido. Alieleza moshi wa jikoni, sigara, vumbi la machimbo. Aliposema kwamba kuna vumbi linaloingia leo na kudai miaka mingi baadaye, Mzee wa Mabomba alisogea mbele kwenye kiti mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele. Kadi ilikuwa tayari mkononi.

Wakati wa maswali, mkono wake ulikuwa wa kwanza kwenda juu.

Mama Maiki alimpa maiki mama mmoja mwenye mtoto wa pumu. Akampa mwanafunzi. Akampa bwana mmoja aliyetaka kujua kama sigara ya baada ya chakula nayo inahesabiwa, ukumbi ukacheka, na wageni nao wakacheka, kumbe kicheko kilikuwa halali kwa wengine. Ili amfikie wa nne ilibidi apite njia ileile ya katikati. Mzee alikuwa bado amenyoosha mkono, na wa pili ameushikiza chini ya kiwiko kuusaidia. Koti la Mama Maiki lilimgusa goti.

"Mwanangu," alimwambia polepole, "leo ni fupi."

Alimsikia. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba kulikuwa na kelele, lakini alimsikia neno kwa neno. Akatazama mbele, akapita.

Mhadhara ulipoisha, daktari na wageni walipelekwa ofisini kwa mkutubi mkuu kunywa soda, na Mama Maiki ndiye aliyepeleka trei. Mgeni mmoja alikuwa anasema amependa nidhamu ya maswali. Mkutubi mkuu alimtupia Mama Maiki jicho la shukrani. Aliporudi ukumbini watu walikuwa wametawanyika. Akaanza kubeba viti vinne vinne. Kwenye kiti cha kwanza cha mstari wa tatu, kadi ilikuwa imewekwa katikati kabisa ya kikalio, imenyooka, kama kitu kilichorudishwa.

Alivaa miwani akasoma. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa, wa mtu aliyezoea kuandika namba kwenye mabomba kwa chaki.

JE, VUMBI LA MABOMBA YA SARUJI LINAWEZA KUMUUA MTU AMBAYE KAZI YAKE NI KUFUA NGUO ZA FUNDI TU?

Alikaa kwenye kiti hichohicho. Sasa mambo yote aliyoyasikia vipande vipande kwa miaka mitatu yakajipanga yenyewe: msumeno usiomwagiwa maji, vumbi jeupe kama unga, ovaroli. Kengele ya chakula, kisha kengele ya kwenda nyumbani. Na nyumbani kuna mke na beseni. Mzee hakuwa anapiga soga. Kila Jumamosi alikuwa anatoka yadini na nguo zake za kazi, anatembea kuelekea nyumbani, na kila Jumamosi yeye Mama Maiki anamkatisha njiani, kwa tabasamu.

Alilia. Si kilio cha kelele, machozi tu yalimchuruzika mpaka kwenye kola ya koti. Yeye aliyefua mashuka ya mgonjwa miaka tisa, yeye wa kufua, ndiye aliyekataa kusikia swali la mfuaji. Alipotoka mbio hadi uwanjani, gari la chuo lilikuwa limeshaondoka.

Jumatatu maktaba hufungwa. Alivaa gauni lake la heshima, akaenda chuo kikuu. Fikiria: miaka yote hiyo alipokea watu wa chuo, akawapa maji, akawarekebishia maiki kifuani, na hakuwahi kukanyaga kwao. Getini mlinzi alimwuliza anamtafuta nani na ana miadi gani, akasema ametumwa na maktaba. Uongo huo ulimtoka bila shida. Akapanda ngazi, akakaa kwenye benchi la korido iliyonuka dawa ya sakafu, na wanafunzi wakawa wanampita, vijana waliobeba vitabu vyao kizembe. Siku nyingine angewaonea wivu. Siku hiyo alishika mkoba wake tu.

Daktari alitokea saa sita, na alimtambua kabla hajasimama. "Wewe si ndiye mama wa maiki?"

"Ndiye mimi."

"Karibu ndani. Kuna tatizo?"

Mama Maiki alimpa kadi. Daktari aliisoma amesimama, kisha akakaa kitini na kuisoma tena.

"Huyu mzee alikuwepo Jumamosi?"

"Alikuwepo."

"Mbona hakuuliza?"

"Alinyoosha mkono tangu mwanzo. Mimi ndiye sikumpa. Huyo wa kufua nadhani ni mkewe marehemu."

Daktari hakumlaumu, na hilo lilimwuma zaidi. Akamweleza kwa lugha nyepesi, kama alivyofanya ukumbini. Mabomba yale ya zamani yalichanganywa na nyuzi za asbesto. Ukiyakata makavu, nyuzi zinatoka, ndogo kuliko unavyoweza kuziona, zinakaa kwenye nguo. Anayezikung'uta nguo hizo na kuzifua anazivuta pengine kama fundi mwenyewe. "Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Linaweza. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililomuua huyo mke, sikumpima. Lakini linaweza. Na mzee hana kosa, umwambie hivyo. Hawakuambiwa."

Mama Maiki aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaomba neno moja la kumpelekea mzee, na alilopewa lilikuwa ndilo lile asilotaka kulibeba.

Kisha daktari akaigeuza kadi.

"Na hili la nyuma?"

"La nyuma lipi?"

Daktari alimsogezea. Upande wa pili, herufi zilikuwa ndogo zaidi, zimebanwa chini kabisa, kwenye safu ya tarehe ya kurudisha.

NA MTOTO ALIYEKUWA MGONGONI KWA MAMA YAKE AKIFUA. LINAWEZA KUMNGOJA MIAKA ARUBAINI?

Korido ilikuwa na kelele za wanafunzi wanaokwenda kula. Mama Maiki alisikia kelele hizo kwa mbali. Daktari alivuta pumzi, akauliza mtoto huyo yuko wapi sasa, ana umri gani, anakohoa? Mama Maiki hakujua. Miaka mitatu, na hakujua hata kama mzee ana mtoto.

"Miaka arobaini, ndiyo, linaweza kungoja," alisema daktari. "Si kwamba ni lazima. Wengi hawapati kitu. Lakini kama anakohoa, aje. Aje wiki hii, asingoje." Akaandika karatasi ya kumtambulisha kliniki, akapiga mhuri, akaikunja. Alipomkabidhi alisema, "Ningemjibu palepale Jumamosi. Ingechukua dakika mbili."

"Najua," alisema Mama Maiki.

Anwani aliipata kwenye rejista ya wanachama, asubuhi ya Jumanne. Aliomba ruhusa ya muda wa saa mbili. Mkutubi mkuu alipouliza ya nini, alimwekea ile kadi mezani, upande wa mbele, halafu akaigeuza upande wa nyuma. Mkutubi mkuu alisoma. Mkono wake ulikwenda kwenye miwani kwa mazoea, ukashuka bila kuivua. "Nenda," alisema.

Ilikuwa nyumba ya chini katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa zamani wa idara, karibu na tangi la maji. Uani kulikuwa na kamba ya kuanikia na karo la kufulia la saruji, kingo zake zimelika kwa miaka ya kufulia. Alipiga hodi huku macho yake hayataki kuliacha karo lile.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, futi ya kupimia shingoni, pini tatu zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Nyuma yake kulikuwa na cherehani na lundo la sare za shule.

"Karibu, dada, kama ni sare hazijaisha," alisema, na kabla hajamaliza akageuka pembeni akakohoa kwenye kitambaa. Kikohozi kikavu, kifupi, kilichorudia mara tatu. "Samahani. Vumbi la vitambaa hili. Kila fundi cherehani anakohoa."

Mama Maiki alisema tu ametoka maktaba, amekuja kumwona mzee.

"Baba! Una mgeni kutoka kwenye mihadhara yako!" Akapunguza sauti, akamsogelea mgeni. "Umefanya vizuri kuja. Tangu Jumamosi hasemi. Anakaa tu. Nimemwambia kesho nampeleka hospitali, anakataa. Baba yangu hospitali haendi bila mimi, naingia naye mpaka ndani kwa daktari, la sivyo atasema haumwi kitu."

Mzee alikuwa chumba cha ndani, kwenye kiti cha mbao kilichoelekea dirishani. Shati lilikuwa limepigwa pasi vilevile. Alipomwona alijaribu kusimama.

"Kaa, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mlango ulikuwa wazi na cherehani ilikuwa inalia chumba cha pili. Mama Maiki alivuta stuli, akakaa karibu hadi magoti yao yakakaribia kugusana. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, yote yakamtoka kichwani.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuahidi, na nikakuona, na nikakusikia, na nikapita."

"Ulitumwa kazi, mwanangu. Najua kazi ya kutumwa ilivyo." Akapapasa mfuko wa shati. "Uliisoma?"

"Niliisoma. Nimempelekea daktari mwenyewe."

Mikono ya mzee ilikuwa mapajani, mikubwa, vidole vimepinda. Ilitulia tuli. "Amesemaje?"

Mama Maiki alitaka kumdanganya. Neno hapana lilikuwa limeshafika ulimini, tamu, na tabasamu lake la kazini lilikuwa limeshaanza kumjia usoni. Mzee alimkazia macho.

"Uso huo naujua," alisema kwa upole. "Ndio unaokuja nao ukitaka maiki yako."

Tabasamu likamtoka. "Ndiyo," alisema. "Amesema ndiyo. Linaweza. Na amesema huna kosa, hamkuambiwa."

Mzee aliinamisha kichwa. Hakulia. Alikaa hivyo muda ambao cherehani ilishona mshono mzima, ikasimama, ikaanza mwingine. Kisha akasema kwamba marehemu alikuwa anapenda kuzikung'uta zile ovaroli kabla ya kuziloweka, pale nje karoni, asubuhi jua likiwa limetoka. Vumbi lilikuwa linang'aa. Mtoto mgongoni alikuwa analishika kwa mikono, anacheka. Na yeye alikuwa anasimama hapahapa dirishani, siku ya mapumziko, anawatazama, anajiona mtu mwenye bahati kuliko watu wote duniani.

"Hospitali nisingeweza kuuliza," alisema. "Binti yangu anaingia na mimi. Nikasema, kule maktaba ni watu nisiowajua, hata wakisikia, haitamfikia."

"Na lile la nyuma, mzee wangu..." Mama Maiki alitoa karatasi ya daktari mkobani.

Mkono mmoja wa mzee uliinuka haraka, kama wa kumziba mdomo. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Binti aliingia na trei, vikombe viwili vya chai, akaviweka juu ya meza ndogo, akageuka pembeni, akakohoa. Mara tatu. Mzee alifumba macho kila mara.

"Mnasengenya nini mmenyamaza hivyo?" aliuliza binti akicheka. Macho yake yakatua kwenye karatasi yenye mhuri mkononi mwa mgeni. "Hiyo ya nani? Ya Baba?"

Mama Maiki alimtazama mzee. Hili halikuwa lake la kusema, na lilikuwa haliwezi kungoja. Mzee alishika mkono wa kiti, akasimama taratibu, kama alivyokuwa anasimama ukumbini, mabega yameinama. Akakohoa kusafisha koo.

"Mwanangu," alimwambia binti yake. "Mwaka ule tulipokuwa tunakata mabomba kwenye yadi ya idara ya maji..."

"Haya, Baba na mabomba yako!" Binti alicheka kwa sauti, akachukua trei, akageukia mlango. "Hiyo naijua tangu mdogo. Msimamizi mkali, kengele ya chakula. Mimi nina sare ishirini za kumaliza, mtanisamehe."

Mama Maiki aliinuka. Alimshika mkono, akaichukua trei, akaiweka chini sakafuni.

"Kaa, dada," alisema. "Mwache amalize."

Binti aliwatazama wote wawili, bado ana kicheko mdomoni. Akakaa.